Nusu Mwaka Bila Wewe

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza kazini. Nimepewa meza dirishani, kompyuta iliyong'oka herufi moja, na kazi ambayo mpaka sasa sijaweza kumweleza mama.

Kuandika barua pepe, nilimwambia.

Kwa nani?

Kwa watu walionunua mablanketi.

"Si wanayo tayari? Sasa unawaandikia nini?"

Nikajifanya natafuta viatu. Maana ni swali zuri!

Karakana ni ya Bwana Plamen Karadzhov, ameirithi kwa baba yake. Wanafuma mablanketi ya sufu, yale mazito yenye manyoya marefu, ya huku kwetu milimani. Kuna mitambo miwili ya kufumia. Mmoja umefunikwa shuka tangu Machi. Wa pili ni wa Mama Mkubwa Velika, dada yake mama, na ndiye aliyeniombea kazi. Alimwambia Bwana Plamen kwamba mtihani wa mwisho wa fasihi niliupasua. Hakumwambia kwamba mbele ya mtu nisiyemjua sauti yangu huwa inakimbia na kuniacha peke yangu.

Nipo kwenye majaribio, mwezi mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Bwana Plamen amesoma kozi ya mtandaoni, na sasa kila sentensi yake inatokea huko. "Binti, mteja hanunui blanketi. Ananunua thamani. Muonyeshe thamani!" Nimeandika tangu asubuhi. Nilichopata ni hiki:

*Blanketi letu ni zito. Sufu yake ni ya kondoo wa milima hii. Linafumwa na mtu mmoja, kwa mkono.*

Akasoma. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa chai baridi. "Zito? Nani ananunua uzito? Hata gunia la viazi ni zito."

Akafuta yote. Akaandika kwa herufi nyekundu: KUMBATIO LA MILIMA! USIKOSE! Na mbele yake vipicha vitatu vya moto, vile vya kwenye simu.

Ni Juni. Mbwa wa jirani amelala ndani ya mtaro kutafuta baridi. Na sisi tunawatumia watu moto!

Ijumaa, 7 Juni

Leo tena. Sasa blanketi linaponya baridi yabisi. Ameandika mwenyewe, kisha akaniambia "ipambe kidogo". Nikamuuliza kama kuna daktari aliyesema hivyo. Niliuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Umesemaje?"

Nikasema hakuna kitu. Hakuna kitu! Nilitamani kujipiga kofi.

Afadhali Mama Mkubwa, yeye hajui kunong'ona. Alisema bila kuacha kufuma: "Wewe Plamen, nimelala chini ya mablanketi haya tangu unavaa kaptula. Magoti yangu haya hapa, njoo uyasikie yanavyolia."

"Dada Velika, wewe shughulika na nyuzi, soko niachie mimi."

"Soko gani? Sokoni huwa kuna watu."

Nilicheka ndani ya kikombe cha mtindi. Ukanimwagikia kwenye shati jeupe.

Majibu ya barua ya USIKOSE: mtu mmoja wa Sofia, mji mkuu, ameandika, "Tuacheni. Huku tunalala hata bila shuka." Basi. Ndiyo majibu yote.

Jumatatu, 10 Juni

Sasa nimejua kwa nini ana haraka hivi. Kulikuja mtu mwenye miwani ya jua juu ya kipara, akazunguka karakana akipima kuta kwa hatua. Anakodisha watalii pikipiki za magurudumu manne. Anataka ukumbi huu kwa ajili ya kuziweka.

Baadaye Bwana Plamen alifunga mlango, akatuambia bila kututazama. Kondoo wamekatwa manyoya, sufu inanunuliwa sasa hivi, si wakati wa baridi. Bila oda hawezi kununua sufu. Mwisho wa mwezi zisipopatikana za kutosha, mtambo wa Mama Mkubwa nao unafunikwa shuka na yule mtu anaingiza pikipiki zake.

Mama Mkubwa alivuta kiti karibu na mtambo. Aliendelea kufuma, ila alikosea mstari, akaufumua, akakosea tena pale pale.

Ana miaka hamsini na saba. Atakwenda kuuza tiketi za pikipiki?

Kwa hiyo sasa kila kitu kinategemea barua zangu. Zangu mimi, ambaye dukani huwa nasubiri mtu mwingine aulize bei ili nisikilizie.

Jumatano, 12 Juni

Kozi inasema: mteja aliyenyamaza muda mrefu, mwambie umemkumbuka. Tunao wengi, walionunua Desemba kwa ajili ya Krismasi, na tangu hapo kimya. Niliandika: *Nusu mwaka bila wewe.* Chini yake mistari michache tu. Tunatumaini blanketi linakutunza. Sisi bado tupo. Siku moja njoo uone linavyofumwa.

Bwana Plamen akasema nzuri. Mara ya kwanza! Nilisikia masikio yanawaka moto. Kisha akavuta kiti na kuanza kuirekebisha.

"Wewe" ni neno la kila mtu, anasema, mtu hupenda jina lake. Toa "wewe", kompyuta ijaze jina kamili la kila mmoja. Ukingo mweusi kuzunguka barua, kwa sababu manukato ya bei kali huja kwenye boksi lenye ukingo mweusi. Picha ya blanketi itoke, kila mtu anajua blanketi lilivyo, badala yake mshumaa unaowaka, unaleta utulivu. Na mwishoni mwaliko: *Tukutane karakana Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi. Kutakuwa na kahawa na kitu kidogo cha kula.*

Kwenye skrini yetu, mahali pa jina palikuwa na mabano yenye neno JINA. Niliitazama ile barua kwa muda. Kitu fulani kilinikera, sikujua ni nini. Nikanyamaza. Ndiyo kazi ninayoijua vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Imetumwa saa tatu asubuhi. Karibu kila mtu ameifungua! Bwana Plamen hajawahi kuona kitu kama hicho. Ameninunulia aiskrimu, amempigia mkewe, ameimba. "Unaona, binti? Jina! Siri ni jina!"

Ijumaa, 14 Juni

Mungu wangu.

Simu ya kwanza niliipokea mimi kwa kuwa Bwana Plamen alikuwa anaegesha gari. Sauti ya mzee, imetulia kabisa:

"Mimi ni marehemu Spas Urumov wa Asenovgrad. Naomba kuongea na aliyeniua."

Sikuelewa. Akanisomea barua yangu, polepole, kama padri. Nusu mwaka bila Spas Dimitrov Urumov. Ndipo nikaiona. Nikaiona kama ilivyobandikwa kila mahali, kwenye milango, kwenye miti, kwenye kituo cha basi, kwenye nguzo za umeme, tangu nimezaliwa! Karatasi ya ukingo mweusi, ya kumkumbuka marehemu. "Siku arobaini bila fulani." "Nusu mwaka bila fulani." Na chini: ibada ni siku fulani, saa fulani, chakula kidogo baada ya hapo, wote mnakaribishwa.

Tumewatumia wateja wetu matangazo ya vifo vyao wenyewe. Kila mtu la kwake. Na jina kamili. Na mshumaa!

Mzee Spas aliichapisha akaibandika mlangoni kwake, aone nani atakuja. Jirani aliyekuwa hajamsemesha tangu ugomvi wa ukuta alikuja na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya matanga. "Nimeila," akasema. "Alikuwa ameweka njugu za kutosha. Sasa nimepatana naye, sina hata mtu wa kumnunia. Mmeniharibia uzee."

Sijui alikuwa amekasirika au anacheka. Sijui! Nilisema "samahani" nikakata simu, kisha nikajutia kukata simu.

Zikaja nyingine. Mkwe wa mama mmoja wa Plovdiv alipiga kelele mpaka nikaishikilia simu mbali. Mwanamume mmoja alilia, maana yeye alinunua kwa jina la mama yake, na mama yake alifariki kweli mwezi wa pili.

Bwana Plamen alisimama katikati ya ukumbi, mkono kichwani. "Lakini walifungua," alisema. "Walifungua wote."

Mama Mkubwa akasimamisha mtambo. "Kozi hiyo, Plamen, ulilipa wewe au walikulipa?" Kisha akaangalia kalenda ya ukutani. "Na tarehe 22 ni Jumamosi ya wafu. Nchi nzima iko makaburini na matunda ya cheri mikononi. Mmechagua vizuri. Mngekosea siku ningewashangaa."

Jumatatu, 17 Juni

Hakuna aliyeagiza kitu. Bila shaka.

Mtu wa pikipiki amepita tena. Ameacha kadi mezani kwangu, juu ya pengo la kitufe kilichong'oka.

Bwana Plamen ameamua: tuwapigie simu wote, tuombe radhi. "Tuwapigie" maana yake mimi. Barua niliandika mimi, si ndiyo? Nilitaka kumwambia kwamba mimi niliandika "wewe"! Neno moja tu, "wewe", na yeye ndiye aliyeliondoa! Ukingo wake, mshumaa wake, Jumamosi yake ya wafu! Maneno yote yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Nikasema, "Sawa, Bwana Plamen."

Nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, mpaka "habari za asubuhi". Nimempigia mtu wa kwanza. Hakupokea. Nilifurahi sana nikaona aibu.

Jumanne, 18 Juni

Leo wamepokea.

Wengine wamenikatia. Mmoja ameniuliza kama uchaguzi ujao, akiwa marehemu, ataruhusiwa kupiga kura. Lakini yule mama wa Plovdiv, Bi. Nevena, ambaye mkwe wake alipiga kelele, yeye ni mpole. Nilisoma karatasi yangu mpaka mwisho bila kupumua. Akasubiri. Kisha akaniuliza, mwanangu, una umri gani, na umekula?

Sijui kwa nini nilimuuliza na mimi. Haikuwa kwenye karatasi. Nilimuuliza analitumiaje blanketi lake.

Akasema analitandika upande wa kitanda aliokuwa analala mume wake. Alijaribu la dukani, jepesi, halikufaa. Hili ni zito. Akigeuka usiku anasikia uzito wake pembeni, analala tena.

Zito!

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya kuagana. Gunia la viazi, Bwana Plamen alisema!

Baada ya hapo nimewauliza wote. Mmoja analo kwenye gari la kondoo. Mwalimu mmoja amelitundika ukutani kuzuia sauti za jirani. Mzee Spas nilimpigia mwisho, maana nilimuogopa. Anayo mawili: la zamani la enzi za baba yake Bwana Plamen, alilonunua alipoolewa binti yake, na jipya la Desemba, ambalo analalia mbwa. Kwa nini mbwa alalie jipya? "Kwa sababu la zamani bado zima, msichana. Sasa niambie wewe, ninunue la tatu nimfunike nani?"

Nilipekua karatasi yangu, jibu halimo. Lakini hata kozi haina! Blanketi likiwa zuri kweli mtu hahitaji la pili. Ndiyo maana mama aliniuliza lile swali.

Aliongeza kwamba la zamani limechafuka tu, limeshikana manyoya. Mkewe alikuwa analileta huku kila kiangazi, kwenye pipa la mtoni nyuma ya karakana, maji yanalizungusha mpaka manyoya yanasimama tena. Hilo pipa lipo bado?

Lipo. Limejaa majani.

Jumatano, 19 Juni

Nimelitazama pipa na Mama Mkubwa. Tumetoa majani, jiwe, na kiatu kimoja. Amefungua mfereji, maji yakaanguka ndani yakaanza kuzunguka. Amecheka kama mtoto. Nguo zimelowa, viatu vimelowa.

Barua mpya. Nimeandika asubuhi yote, nimefuta zaidi ya nilichoandika:

*Tulikuandikia vibaya, tunaomba radhi. Upo hai na tunafurahi. Leo hatukuuzii kitu. Blanketi ulilonalo litakaa kuliko mapazia yako na huenda kuliko kitanda chako, ukilitunza. Usilipeleke kwa dobi wala usilitie kwenye mashine. Lilete Jumamosi, ukitoka makaburini, tulioshe mtoni kama zamani. Hatutozi chochote. Atakayekupokea ni Bi. Velika, aliyelifuma. Ni zito kwa sababu hakupunguza sufu.*

Nikampelekea Bwana Plamen. Alikuwa kwenye simu na mtu wa pikipiki, anazungumzia upana wa mlango. Hakusoma. Alipunga mkono. "Tuma, tuma, omba radhi yaishe."

Nikamwambia kuna jambo la kuosha, kwamba ni bure. Nilisema! Lakini alikuwa amenigeuzia mgongo.

Nimetuma.

Alhamisi, 20 Juni

Amesoma.

"HATUKUUZII KITU?" Alisema kwa sauti iliyowaamsha njiwa wa paa. "Binti, nimekuajiri uandike kwamba hatuuzi?" Nilitazama viatu vyangu. Akauliza nani atalipia kahawa, nani atalipia vitafunwa, nani atawalipia watu kuja kufua nguo zao kwake kama mto wa kijiji. Akauliza kama najua mwisho wa mwezi ni lini. Najua. Naijua hiyo tarehe kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Mama Mkubwa hakunitetea. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, njiani kurudi nyumbani, "Sentensi ile ya sufu ni kweli." Kisha, baada ya kona: "Lakini ukweli huo haununui sufu, mwanangu."

Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haraka. Nipo ndani ya ghala la sufu, ambalo halina sufu. Nimefunga komeo.

Walikuja! Wametoka makaburini na nguo nyeusi, na cheri, na ngano kwenye vikopo, na mablanketi kwenye buti za magari. Mzee Spas kaja na suti na yule jirani wa ukuta, kasimama mlangoni akasema, "Nimefika kwenye matanga yangu, kahawa iko wapi?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi. Nevena ni mfupi kuliko sauti yake. Alinishika mashavu.

Pipa limezunguka tangu asubuhi. Waume kwa wake wamekunja suruali, wanavuta mablanketi yenye maji, wanayatundika kwenye uzio, wanagombana nani anashika vibaya. Blanketi la zamani la Mzee Spas limetoka jeupe. Amelinusa.

Na hakuna aliyenunua. Hakuna! Wamekunywa kahawa yetu yote. Bwana Plamen alikuwa anazunguka na shati lililolowa jasho, anawaambia watu "kumbatio la milima", nao wanamwambia asante, wanayo. Kila akinipita ananinong'oneza, "Unaona? Unaona?" Nilikuwa naona! Mtambo wa Mama Mkubwa ulikuwa na blanketi moja la mwisho, nusu, na baada ya hilo hakuna uzi.

Ndipo Bi. Nevena akasimama pale mtamboni. Akaweka kiganja chini ya lile blanketi, akaliinua kidogo, akaliachia. Akamuuliza Mama Mkubwa kama linaweza kufumwa dogo. La mtoto. Ana mjukuu asiyeweza kulala peke yake tangu babu yake afariki. Lakini liwe zito vile vile, alisema. Yule mwalimu wa ukutani akasogea, akasema hata yeye, kama yapo madogo... Mama Mkubwa akafungua mdomo.

Na Bwana Plamen akaruka katikati!

"Leo tu! Punguzo la leo tu! Na linaponya baridi yabisi, mama, mtoto hatapata kamwe—"

Baridi yabisi! Mtoto! Bi. Nevena akafunga mkoba wake. Nilisikia ule mlio, klik. Mwalimu akaangalia saa.

Na mimi nikasema, "Nyamaza!"

Sikunong'ona. Nilipiga kelele, hata watu wa mtoni waligeuka. "Bwana Plamen, nyamaza! Ameshakwambia anachotaka! Muulize! Hujawahi kumuuliza mtu kitu, hata mara moja!"

Maji yaliendelea kuzunguka. Mama Mkubwa aliniangalia kana kwamba ni mtambo uliofunikwa ndio umesema. Bwana Plamen alifungua mdomo ukabaki hivyo. Nikakimbia.

Sasa nasikiliza kupitia mbao. Mwanzo ni pipa tu. Halafu Mzee Spas: "Sasa, bwana, umeambiwa." Mtu amecheka, mwingine amemnyamazisha.

Mtu anaburuta kiti.

Sasa ni Bwana Plamen. Sauti ya chini, sikujua anayo. Anamuuliza Bi. Nevena mtoto ana miaka mingapi. Na kitanda kina urefu gani. Anauliza! Na hasemi kitu baada ya hapo, anasubiri, na Bi. Nevena anajibu, nasikia anajibu lakini pipa linapiga kelele, sishiki maneno.

Mlango unagongwa. Ni Mama Mkubwa. Anasema nitoke. Namuuliza, Bwana Plamen amekasirika? Anasema sijui, toka, tunatafuta kanda ya kupimia.

Ninayo, ipo shingoni mwangu. Anagonga tena. Natoka.